Kidonda Kisichouma

Kaskazini ya Buganda, katika nchi ya Uganda, karibu na ziwa Kyoga, iko sehemu iitwayo Buruli, ambayo leo imo katika wilaya ya Nakasongola. Jina lake limefika pembe zote za dunia, si kwa pamba wala kwa ng'ombe wake, bali kwa kidonda. Daktari Albert Cook wa hospitali ya Mengo aliviona vidonda vya namna hii mwaka 1897, lakini kijidudu chenyewe hakikuelezwa mpaka mwaka 1948, na hao waliokieleza walikuwa Australia, MacCallum na wenzake. Katika miaka ya 1960 wagonjwa wengi walionekana Buruli, na wakimbizi wa Rwanda waliokaa Kinyara, karibu na mto Nile, nao walipatwa.

Kijidudu hicho ni jamaa ya vile vya kifua kikuu na ukoma, ila tabia yake ni mbali nao. Hakirushwi kwa kikohozi, wala mtu hakipati kwa kula au kulala nyumba moja na mgonjwa. Hupatikana katika nchi za mabwawa na maji yaendayo polepole. Tena hakipendi joto jingi. Hukua vizuri penye digrii 30 hivi hadi 33, na kwa kuwa ndani ya mwili wa binadamu mna digrii 37, hukaa ngozini, hasa miguuni na mikononi. Hapo hutoa sumu iitwayo maikolaktoni, yenye kazi mbili: huua nyama iliyo chini ya ngozi, na huondoa maumivu. Hiyo ya pili ndiyo hila yake kubwa. Mtu aliyechomwa na mwiba huchechemea hadi kwa dresa siku ile ile. Lakini huyu huendelea kulima, na mtoto huendelea kucheza.

Mara nyingi mwanzo wake ni kinundu kidogo chini ya ngozi. Pengine ni uvimbe wa mguu mzima. Baada ya majuma kadhaa ngozi hupasuka. Mzazi huona tundu dogo akalidharau, kumbe kingo zake zimechimbwa kwa chini kama ukingo wa mto ulioliwa na maji, na ndani yake nyama iliyokufa ni nyeupe kama pamba. Katika Afrika karibu nusu ya wagonjwa ni watoto wasiotimiza miaka 15, na mtoto aliyecheleweshwa aweza kupona huku kovu limevuta goti lake lisinyooke tena.

Macho peke yake hayatoshi, maana vidonda vya nchi zetu za joto hufanana sana. Daktari hupitisha pamba chini ya ukingo wa kidonda, au hutia sindano katika kinundu, kisha hupeleka maabara. Huko hutazamwa kwa darubini, au, bora zaidi, hupimwa kwa kipimo cha PCR. Kukiotesha kijidudu huchukua majuma 6 au zaidi, na nyama haiwezi kungoja muda huo.

Kinga ya hakika bado haijapatikana, kwa maana njia inayopitia kijidudu kuingia mwilini haijathibitishwa. Huko Australia mbu wamehusishwa nayo; katika Afrika jambo hili halijaamuliwa. Hata hivyo yafaa mkulima wa mabondeni avae suruali ndefu na mikono mirefu, alale ndani ya chandarua, na aoshe kila mchubuko kwa sabuni.

Zamani dawa ilikuwa kisu, tena kisu kikatacho mbali. Siku hizi mgonjwa humeza rifampisini mara moja kwa siku na klarithromaisini mara mbili, kwa muda wa majuma 8. Kisu na kupandikiza ngozi hubaki kwa vidonda vikubwa. Mkojo ukigeuka mwekundu asiogope, ni rangi ya rifampisini. Kiungo kinyooshwe kila siku, tangu siku ya kwanza. Na kama katikati ya matibabu kidonda kitaonekana kuzidi, au uvimbe mpya kutokea, mara nyingi ni nguvu za mwili zilizoamka baada ya sumu kupungua. Arudi kwa daktari akatazamwe, lakini vidonge asiviache.