Unamkasirikia nani hasa?

Amesoma ujumbe wako WhatsApp, nusu saa imepita, kimya. Tayari umewaka, unataka kumbloki. Hebu ngoja kwanza. Unamkasirikia yeye kweli, ama yule mzazi aliyeahidi kukutembelea shuleni, ukamngoja hadi jioni bila kumwona?

Mwaka 1905, Sigmund Freud, daktari wa Vienna, Austria, alieleza jinsi wagonjwa wanavyomhamishia daktari hisia walizokuwa nazo kwa watu wa maisha yao ya awali.

Ukienda kwa mtaalamu wa tiba hii, unasema lolote linalokujia akilini. Ukianza kumwogopa au kumchukia bila sababu, hakufokei. Mnachunguza pamoja hisia hiyo ilianzia wapi. Inachukua muda, lakini polepole unaacha kumdai mpenzi wako deni la mtu mwingine.