Masisi na Walikale: Mtumba, nguo ya bei ndogo inayomrudishia mtu heshima

Siku ya soko huko Masisi na Walikale, turubai la mitumba ndilo linalochelewesha watu. Anayenunua chumvi au mafuta ya mawese anauliza bei, analipa na kwenda zake. Lakini mbele ya rundo la nguo mama anaweza kuinama muda mrefu: anatoa, anapima kwa macho, anarudisha, anachimba tena, mpaka aone kile ambacho wenzake hawakukiona. Blauzi moja, triko moja, koti moja. Mara nyingi hakuna nyingine ya kufanana nayo katika soko lote, na furaha yenyewe iko hapo.

Wengi husema mitumba ni nguo za maskini. Kweli, bei ndiyo inayowaleta watu. Lakini katika teritwari hizi mbili za Kivu Kaskazini, vita vimemnyima mtu wa kawaida nafasi ya kuchagua mambo mengi: mahali pa kulala, shamba la kulima, barabara ya kupita. Nguo imebaki kati ya vitu vichache ambavyo bado anajichagulia mwenyewe.

Majina mengi, maana moja

Kila nchi ina jina lake kwa nguo hizi. Kenya na Tanzania wanasema mitumba, yaani mafurushi. Uganda ni mivumba. Zambia ni salaula, neno la Kibemba lenye maana ya kuchagua kwa kupekua rundo. Kinshasa wanasema tombola bwaka. Ng'ambo ya mpaka wa Goma, nchini Rwanda, ni caguwa, na neno hilo limetoka katika Kiswahili: chagua.

Kuna pia majina ya dharau. Watanzania wa zamani walisema "kafa Ulaya", kana kwamba kila nguo iliachwa na marehemu. Ghana nao wana neno la namna hiyo, "nguo za mzungu aliyekufa". Ukweli ni mwepesi zaidi. Nyingi ya nguo hizo zilitolewa na watu walio hai ambao makabati yao yalijaa. Huko Ulaya na Marekani maduka ya bei ya kati kama Zara na H&M hubadilisha mitindo mara nyingi kwa mwaka, na mnunuzi huacha shati kabla halijachakaa. Linapewa shirika la misaada au kutiwa katika sanduku la kukusanyia nguo, linachambuliwa, linauzwa kwa kilo, linafungwa katika balo na kupanda meli.

Safari ya balo

Balo nyingi zinazofika Afrika ya Mashariki zina uzito wa kilo 45 hivi. Zinashuka katika bandari ya Mombasa au Dar es Salaam, zinapita Kampala au njia nyingine za bara, mpaka Goma. Mfanyabiashara hununua balo ikiwa imefungwa. Anajua aina tu: nguo za watoto, masuruali ya jinzi, mashati ya wanaume, makoti ya baridi. Hajui ndani kuna nini. Akifungua na kukuta nguo safi, mtaji wake umezaa. Akikuta zenye madoa na zipu zilizokufa, deni linabaki kichwani mwake. Ndiyo maana siku ya kufungua balo wateja wa kudumu hufika mapema: wanaofika kwanza hulipa zaidi na kuchukua zilizo bora, na bei hushuka kadiri rundo linavyopungua.

Kutoka Goma, nguo za kwenda Masisi hupita Sake. Hapo njia hugawanyika: moja yapanda kwenda Mushaki na Masisi-centre, nyingine yaenda Kilolirwe na Kitchanga. Pikipiki hubeba sehemu ya mzigo, kwa sababu mvua ikinyesha lori hukwama katika matope. Walikale ni mbali zaidi. Barabara ya kupitia Masisi ni mbovu, na bidhaa nyingi huzunguka Bukavu na Hombo. Miaka ya kilele cha kasiteriti ya Bisie, ndege ndogo zilitua hata juu ya barabara ya lami huko Kilambo, zikileta bidhaa za soko na kuondoka na mawe ya madini.

Kila hatua ina gharama yake. Ripoti ya shirika la utafiti la Ubelgiji, IPIS, ya mwaka 2017 ilihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Penye kamba au mti uliolazwa barabarani, mara nyingi kuna mtu anayedai pesa. Mama wa soko hana kwa kuzitoa isipokuwa kuziongeza juu ya bei ya triko. Hivyo nguo iliyotolewa bure huko London inafika Nyabiondo ikiwa imelipa kodi mara nyingi kuliko bidhaa ya dukani.

Masisi baridi, Walikale joto

Anayefikiri mtindo ni jambo la mji tu aangalie tofauti ya teritwari hizi mbili. Masisi ni nchi ya milima, ya ng'ombe na jibini, na asubuhi yake ina ukungu na baridi. Huko koti lina thamani kubwa. Wafugaji huvaa makoti marefu, kofia na bote za mpira, na koti la sufu lililoshonwa zamani huko Ulaya, lenye bitana imara, hutafutwa kuliko jakete mpya nyepesi. Wamama huvaa triko juu ya kikwembe na kulinganisha rangi hizo mbili kwa makini, maana kikwembe kizuri kinaweza kuharibiwa na triko lisilokubaliana nacho.

Walikale ni nchi ya msitu, ya mvua na joto. Koti la sufu huko ni mzigo. Wanatafuta shati la pamba, fulana nyepesi, kaptula ya jinzi, gauni linalokauka upesi. Katika vituo vya biashara vilivyo karibu na machimbo, kama Mubi na Njingala, mchimbaji anayevaa matope siku sita hutaka siku ya saba jinzi nzuri na viatu vyeupe.

Siku ya saba ina uzito kila mahali. Misa, ibada na arusi ndipo watu huonana. Kijana aliyepata koti la suti katika mtumba hulipeleka kwa fundi wa cherehani, analipunguza mabega, anabadilisha vifungo, anapiga pasi ya makaa. Jumapili hakuna atakayeuliza lilitoka wapi. Watauliza fundi ni nani.

Tai iliyokatazwa

Wazee wanakumbuka kwamba mavazi nchini hayakuwa siku zote jambo la mtu binafsi. Katika miaka ya 1970 Rais Mobutu, kwa siasa ya kurudi kwenye asili, alikataza suti ya kizungu na tai. Wanaume walipaswa kuvaa abakosti, na wanawake walikatazwa suruali na nywele za bandia. Katazo la tai liliachwa mwaka 1990, katika hotuba ya Aprili 24 iliyofungua pia mlango wa vyama vingi. Kwa watu wa umri huo, kuvaa tai ya mtumba kulikuwa na maana ya uhuru.

Wakati huohuo Papa Wemba, aliyefariki Abidjan mwaka 2016, aliwafundisha vijana wa nchi nzima kwamba kuvaa ni sanaa. Wasape wa Kinshasa walitafuta majina makubwa ya Paris na Milan kwa bei ya kutisha. Kijana wa Masisi hana pesa hizo, ila somo alilielewa: nguo yoyote yaweza kupendeza ikiwa anayeivaa anajua kupanga rangi, kukata urefu na kutunza kiatu.

Vita vinapomvua mtu nguo

Anayekimbia risasi usiku hachagui nguo. Anachukua watoto, sufuria, pengine godoro. Familia nyingi za Masisi zimekimbia zaidi ya mara moja. Mwanzoni mwa Januari 2025 waasi wa AFC/M23 waliingia Masisi-centre, na mwisho wa mwezi huo wakachukua Goma. Machi 19 waliingia Walikale-centre, kisha wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Kambi kubwa zilizozunguka Goma, kama Bulengo na Lushagala, zilivunjwa mwezi wa Februari, na watu wakarudi katika vijiji ambako nyumba nyingi zilikuwa zimeporwa.

Mtu anayerudi akiwa na nguo moja mwilini anajulikana kwa mbali. Majirani wanamwita mkimbizi hata akiwa kwake. Kwa hiyo nguo ya kubadilisha ni hitaji la kweli, baada tu ya chakula na paa. Mtoto wa shule anahitaji shati jeupe na suruali au sketi ya bluu, na kwa familia iliyopoteza kila kitu, mtumba huwa njia ya karibu ya kuvipata. Msichana anayepata gauni linalomkaa vizuri anaweza tena kwenda kanisani bila kujificha nyuma. Misaada hutoa nguo pia, lakini nguo ya msaada unapewa. Ya mtumba unaichagua.

Goma ilipochukuliwa mwaka 2025 benki za mji zilifungwa, na wafanyabiashara walihangaika kupata pesa na kulipia mizigo. Balo zikipungua, wa kwanza kuumia ni mama anayenunua nguo ishirini kwa mkopo ili aziuze moja moja katika soko la kijiji.

Je, mitumba ipigwe marufuku?

Wako wanaosema mitumba inaua viwanda vyetu, na wana hoja. Kisangani ilikuwa na kiwanda cha SOTEXKI, kilichojulikana nchi nzima kwa vikwembe vyake, kabla ya vita na vitambaa vya bei ndogo vya kutoka Asia kukidhoofisha. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ndiyo iliyoshika msimamo: ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Marekani ilijibu mwaka 2018 kwa kusimamisha nafasi ya nguo za Rwanda kuingia kwake bila ushuru. Agosti 2023 Rais Museveni wa Uganda naye alitangaza kwamba hataki tena nguo hizo nchini mwake.

Matokeo yalionekana Goma mara moja. Ushuru ulipopanda Rwanda, nguo zilianza kuvushwa kwa magendo kutoka Kongo, nyingine zikivaliwa tabaka juu ya tabaka chini ya kikwembe. Marufuku haikuondoa hamu ya watu. Iliongeza hatari tu. Kongo imekuwa mwanachama wa Jumuiya tangu 2022, kwa hiyo mjadala huu sasa ni wetu pia.

Kuna njia ya katikati. Mjini Kampala mbunifu Bobby Kolade hukata nguo za mtumba, hushona upya vazi lingine kabisa na kuliuza huko zilikotoka, chini ya jina lenye kejeli, "Return to Sender", yaani irudishiwe aliyeituma. Mafundi wa Masisi na Walikale wanafanya kazi ya kufanana na hiyo kila siku bila kuiita ubunifu: suruali mbili zinazaa moja, shati la baba linakuwa gauni la mtoto. Kabla ya kuwaza kufunga mpaka, wakubwa wangefaa kufikiria umeme, cherehani na mafunzo kwa mafundi hao, na barabara isiyo na kamba kila kilomita chache.

Unapochagua

Wanaojua mtumba wana kanuni zao. Inua nguo juu ya mwanga: tundu dogo linaonekana hapo. Angalia kwapa, kola na katikati ya miguu, maana ndiko kitambaa kinakochoka kwanza. Fungua na kufunga zipu mara mbili. Vuta mshono taratibu. Uzi ukilia, iache. Usiogope nguo kubwa, kwa kuwa fundi anapunguza kwa urahisi kuliko kuongeza. Soma kitambulisho cha ndani ili ujue kama ni pamba, sufu au nailoni, na usidanganywe na jina la kampuni peke yake. Ukifika nyumbani, ifue kwa maji ya moto na sabuni, ianike juani mpaka ikauke kabisa, kisha piga pasi pande zote mbili. Joto huua wadudu na mayai yao.

Na la mwisho, jiulize utaivaa na nini. Nguo tatu zinazokubaliana na viatu ulivyo navyo zinafaa kuliko kumi za kujaza mfuko. Kwa familia inayoanza upya Masisi au Walikale, tatu hizo zinatosha kwa shule, soko na Jumapili.