Usibebe Hilo Ganda la Risasi, Lisome Kwanza

Ukitembea Maktau au Mlima Salaita kule Taita Taveta, angalia chini. Kale kabomba ka shaba kaliko kwenye vumbi ni ganda la risasi la Vita vya Kwanza vya Dunia. Kuna wasee ng'ambo wanaokusanya maganda kama haya vile wewe unakusanya jezi.

Hebu soma kitako chake. Herufi K ni Kynoch, kampuni ya Birmingham, Uingereza. KF ni kiwanda cha Kirkee, India. Namba 15 ni mwaka 1915. VII ni toleo la saba la risasi ya .303 ya Mwingereza. Kitako chake kina ukingo uliotokeza nje. Ganda la milimita 7.9 la Mjerumani halina. Ukiona nene kabisa, la milimita 11, hilo ni la Mauser ya 1871. Askari wengi Waafrika wa Mjerumani walianza vita na hiyo bunduki kuukuu. Manze, baruti yake ilitoa moshi mwingi: ukifyatua mara moja tu, adui anajua umejificha wapi.

Maganda yakiwa palepale yalipoanguka, yanaonyesha nani alilala wapi Februari 12, 1916, wanajeshi wa Afrika Kusini waliposhambulia Salaita wakarudishwa nyuma. Ukilitia mfukoni ukaliuze, unabaki na shaba tu.

Na jiulize, masanduku ya risasi yalifikaje vitani mahali reli haikufika? Yalibebwa na wapagazi wa Carrier Corps, Waafrika waliokufa kwa maelfu, wengi kwa magonjwa. Ukila choma Kariokor, jina hilo linatoka kwao. Wengi hawana kaburi lenye jina. Mzigo waliobeba ndio huo uko miguuni pako.

Lakini sikiza, buda. Kama kichwa cha risasi bado kimekaa mdomoni mwa ganda, hiyo haijalipuka. Usiiguse, usiigonge, usiisugue ing'ae. Umri hauifanyi kuwa salama. Tena kwa Sheria ya Silaha, Sura 114, kuwa na risasi bila cheti ni kosa. Weka alama kando, ondoka, waite polisi.

Kama ni ganda tupu, piga picha ya kitako na ya mahali lilipo, kisha liache hapo. Mkusanyiko wako uwe kwa simu.