Kifaa cha mazoezi ya Morse

Kifaa cha mazoezi ya Morse ni chombo kidogo cha elektroniki kinachotoa mlio kila kibonyezo chake kinapogandamizwa na kunyamaza kinapoachwa. Hutumiwa na watu wanaojifunza kutuma na kupokea msimbo wa Morse kwa sikio. Kwa kuwa hakirushi mawimbi ya redio, kinaweza kutumiwa nyumbani au darasani bila leseni, tofauti na redio ya ridhaa.

Vifaa vingi vya aina hii huuzwa kama pakiti ya vipuri pamoja na bodi ya saketi, na mnunuzi huvilehemu mwenyewe. Meli ziliacha kutegemea Morse kwa wito wa hatari mwaka 1999, na tangu mwaka 2003 kanuni za kimataifa hazilazimishi tena mtihani wa Morse kwa waendeshaji wa redio ya ridhaa. Hata hivyo, wengi wao bado huutumia kwa hiari, kwa sababu mlio hafifu wa Morse husikika hata pale ambapo sauti ya mtu haieleweki.

Saketi

Pakiti nyingi hutumia chipu ya 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind na kuanza kuuzwa na kampuni ya Signetics mwaka 1972. Pamoja nayo huwa na rezista mbili, kapasita mbili, spika ndogo na betri ya volti 9.

Kapasita ndogo hujazwa umeme kupitia rezista zote mbili. Volti zake zikifika theluthi mbili za volti za betri, chipu huanza kuimwaga kupitia rezista ya pili peke yake. Zikishuka hadi theluthi moja, kujaza huanza tena. Mzunguko huo ukijirudia mara mamia kwa sekunde, spika hutoa mlio. Kwa kuwa mipaka hiyo ni sehemu ya volti za betri yenyewe, betri ikichoka mlio hupungua nguvu lakini haubadiliki sana kimo.

Idadi ya mizunguko kwa sekunde hupatikana kwa kanuni hii:

f = 1.44 ÷ [(R1 + 2R2) × C]

Kwa R1 ya kiloomu 10, R2 ya kiloomu 100 na C ya mikrofaradi 0.01, jibu ni takriban Hz 686, mlio usiochosha sikio.

Kanuni hiyo husaidia pia kutafuta kosa. Rezista hizo mbili hutofautiana kwa mstari mmoja tu wa rangi: ya kiloomu 10 ni kahawia, nyeusi, machungwa, ya kiloomu 100 ni kahawia, nyeusi, njano. Zikibadilishana nafasi, kifaa bado kitalia, ila kwa Hz 1,200. Kapasita iliyoandikwa 104 ikiwekwa mahali pa 103, mlio hushuka hadi Hz 69 hivi na kuwa mngurumo. Kisipolia kabisa, chipu huenda imegeuzwa (alama ya kikato huonyesha upande wa mguu wa 1) au kiungo kimoja hakikushika risasi vizuri.

Kibonyezo kikiwekwa kwenye waya wa betri, kifaa hakili umeme kinapokuwa kimya, hivyo swichi haihitajiki.

Kujifunza kwa sikio

Nukta huchukua kipimo kimoja cha muda, na mstari vipimo vitatu. Ukimya ndani ya herufi ni kipimo kimoja, kati ya herufi vitatu, kati ya maneno saba. Kasi hupimwa kwa neno PARIS, ambalo pamoja na ukimya unaolifuata lina vipimo 50. Kwa maneno 5 kwa dakika nukta huchukua milisekunde 240. Kwa maneno 20, milisekunde 60 tu.

Hapo ndipo aliyekariri jedwali la nukta na mistari hukwama. Husikia milio, huihesabu, kisha huitafuta herufi kichwani. Akiwa bado anatafuta, herufi inayofuata imeshapita. Katika miaka ya 1930 mwanasaikolojia Mjerumani Ludwig Koch alipendekeza njia nyingine: kuanza na herufi mbili tu kwa kasi kamili, na kuongeza moja kila mwanafunzi anapopata asilimia 90. Herufi K huzoeleka kama wimbo mfupi, da-di-da, bila kuhesabiwa.

Kifaa chenyewe kina upungufu mmoja ambao maelezo ya pakiti mara nyingi huupita. Anayejibonyezea mwenyewe anajua tayari herufi inayokuja, hivyo anazoeza mkono kuliko sikio. Ni bora wawe wawili, wamepeana mgongo, mmoja akituma na mwingine akiandika, kisha wabadilishane.

Maneno ya Kiswahili yanafaa kwa zoezi hilo, maana A, inayojitokeza mno katika lugha hii, ni di-da tu. Lakini Q na X hazimo katika maneno ya Kiswahili, nazo hulazimu kuzoezwa peke yake. Q, da-da-di-da, ndiyo inayoanza vifupisho vingi vya waendeshaji redio, kama QTH (mahali nilipo) na QSL (nimepokea).