Kukosoa Picha Si Kumkosoa Mpigaji

Bila shaka umekwisha kukutwa na hali hii. Jamaa yako, ambaye hakuajiriwa kuwa mpiga picha bali anaipenda tu kazi hiyo, anakupa simu yake au bahasha ya picha alizopiga kwenye arusi ya Jumamosi, kisha anakutazama usoni akingoja. Unazipitia upesi upesi, unatabasamu, unasema, "Nzuri sana!" Naye anashukuru. Mazungumzo yamekwisha, na hapana hata mmoja kati yenu aliyeongeza maarifa.

Waweza kuliona jambo hili kuwa dogo. Lakini hebu fikiri ni nani hasa anayetunza kumbukumbu za familia zetu za mjini. Mtoto anapoanza shule, binti anapopata kipaimara, au mzee anapokuja kutoka kijijini kutibiwa, aghalabu picha hupigwa na mtu wa ridhaa: mjomba, jirani, au mfanyakazi mwenzetu mwenye kamera. Mzee yule akirudi kijijini asionekane tena, picha ile aliyopigwa akiwa amelipa dirisha mgongo, ambamo uso wake ni kivuli kitupu, ndiyo itakayokuzwa na kuwekwa mbele ya waombolezaji. Laiti rafiki mmoja angalimwambia mpigaji, mwaka mmoja kabla, kwamba ana desturi ya kuwasimamisha watu mbele ya dirisha, wajukuu wangalibaki na sura ya babu yao.

Kwa nini hakuambiwa? Sababu ya kwanza ni adabu. Tumelelewa kutomwaibisha mtu kwa kazi aliyoifanya kwa mapenzi, na hasa kwa kazi ambayo hakulipwa. Lakini wahenga walikwisha kutuonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sababu ya pili ni kwamba wale wachache wanaothubutu kusema, husema vibaya. "Hii nayo ni picha?" "Umemfanya bibi arusi kama mzimu!" Watu wanacheka, mpigaji naye anacheka, na kuanzia siku hiyo kamera inalala kabatini. Maneno "kukosoa na kujikosoa" yamesikika sana katika mikutano ya siasa na ya wafanyakazi hapa nchini. Kwa bahati mbaya sebuleni hayajafika.

Tuchukue mfano. Kijana afanyaye kazi kiwandani amempiga picha bibi yake akichambua mchele mlangoni. Anakuletea picha hiyo. Ufanyeje?

Kwanza usiseme neno. Itazame kwa muda, mpaka wewe mwenyewe ujue jicho lako limeanzia wapi na limeishia wapi. Kisha uliza: "Ulitaka nione nini?" Swali hili lina thamani kuliko hukumu kumi, kwani huwezi kujua kama mtu amepotea njia iwapo hujui alikuwa akienda wapi. Kijana anajibu kwamba alitaka ionekane mikono ya bibi, jinsi inavyofanya kazi upesi ingawa imezeeka. Sasa unalo la kusema. "Mimi jicho langu lilikwenda kwanza kwenye ile ndoo nyekundu iliyo nyuma yake. Mikono niliiona baadaye sana, nayo imo kizani."

Angalia kwamba hapo hujasema picha ni mbaya, wala hujasema kijana hajui. Umeeleza tu lililolipata jicho lako, na hilo hakuna awezaye kukubishia. Baadaye mnaweza kutafuta sababu pamoja: mwanga ulitoka nje, nyuma ya bibi, kwa hiyo upande uliotazama kamera ulikuwa kivulini. Dawa yake haihitaji kamera ya bei kubwa. Kigoda kingegeuzwa kidogo ili mwanga wa mlangoni uangukie ungo kutoka ubavuni. Na mpigaji angesogea hatua mbili kushoto, ndoo ingejificha nyuma ya mhimili wa mlango. Zaidi ya hapo usiende. Huenda kijana akakuambia kwamba ndoo ile ndiyo bibi achotea maji kila alfajiri na hataki iondoke pichani. Picha ni yake.

Kutafuta sababu ni jambo ambalo wakosoaji wengi hulikwepa, kwa kuwa linadai ujuzi. Chukua lawama inayosikika sana katika arusi zetu: bwana arusi, mtu mweusi mwenye suti nyeusi, amesimama kando ya gauni jeupe, na katika picha uso wake umetoweka. Watu husema, "Aa, huyu naye mweusi mno!" Maskini bwana arusi analaumiwa kwa rangi aliyozaliwa nayo. Ukweli ni kwamba kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, ni cha rangi ya kijivu ya wastani. Kadi ya kijivu ambayo mafundi huitumia kupimia hurudisha asilimia 18 ya mwanga uiangukiao. Gauni jeupe likijaa pichani, kipimo hudhani mwanga umezidi, kikaupunguza. Gauni likapendeza na uso ukazama. Simu za siku hizi hujitahidi kutafuta nyuso, ila nazo hukosea. Basi mkosoaji mwema atasema: "Mara nyingine gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo, au wasogeze kivulini wote wawili." Maneno machache tu, na arusi ijayo imeokoka.

Tena makosa mengine yalianzia mbali zaidi. Kwa miaka mingi kadi ambazo Kodak ilizitumia kusawazisha rangi katika maabara za kusafishia picha zilikuwa na sura ya mwanamke wa Kizungu, na ngozi nyeusi haikufikiriwa. Watafiti wa historia hiyo wanasimulia kwamba malalamiko yaliyosaidia kuifanya kampuni irekebishe filamu zake yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka bidhaa zao za kahawia zionekane sawasawa. Jamaa zetu waliotoka kama vivuli katika picha za zamani hawakuwa na kosa lolote.

Sasa tumgeukie anayekosolewa, maana kazi yake ni ngumu zaidi. La kwanza ni kuchagua. Usimletee mwenzio picha 60 za sherehe moja ukadai akupe maoni. Mletee tatu au nne. La pili, usiulize, "Unaionaje?" kwa sababu swali hilo huzaa jibu lile lile la "nzuri sana." Uliza jambo mahsusi: "Je, waona kwamba alikuwa na huzuni?" Kisha nyamaza. Hapa ndipo wengi hushindwa. Mara waanze kueleza: jua lilikuwa kali, watoto walikuwa wakisukumana, betri ilikuwa inakwisha. Huenda yote ni kweli, ila maelezo hayo hayatatundikwa ukutani pamoja na picha. Sikiliza na uandike. Akisema mtu mmoja, pima mwenyewe. Wakisema watatu jambo lile lile bila kushauriana, huna budi kulitazama upya.

Utauliza: je, iwapo mpigaji ni baba mdogo, mtu wa makamo, nami ni mtoto wake? Hapo heshima yetu yatoa njia nzuri kuliko tunavyodhani. Mwulize badala ya kumfundisha, tena mkiwa wawili, si mbele ya wageni: "Baba mdogo, hivi ukipiga ukiwa umechuchumaa, watoto hawatoki warefu zaidi?" Akipenda atajaribu, na atakapofaulu atakuambia kwamba alikuwa anajua siku zote. Mwachie.

Wako watu waliofanya kazi hii kwa pamoja na kwa bidii. Mwaka 1936 katika jiji la New York, Marekani, kilianzishwa chama kilichoitwa Photo League. Wanachama wake wengi walikuwa watu wa kawaida wenye kazi nyingine za kuwapatia mkate. Aaron Siskind, mmoja wa waliovuma zaidi, alikuwa mwalimu wa shule. Walikuwa na vyumba vya kusafishia picha, wakafundishana kwa ada ndogo, wakazitundika kazi zao na kuzichambua. Mwalimu wao Sid Grossman alijulikana kwa ukali wa ulimi. Sidhani kwamba ukali huo ndio uliowajenga. Lililowajenga, kwa maoni yangu, ni kwamba palikuwa na mahali ambapo picha ya mtu yeyote ilichukuliwa kuwa jambo zito. Desemba 1947 serikali ya Marekani ilikitia chama hicho katika orodha ya vyama ilivyovishuku kuwa adui wa nchi, na mwaka 1951 kikafa.

Chama hicho nacho kilikuwa na upungufu wake. Katika miaka ya 1930 kundi lililoongozwa na Siskind lilipiga picha nyingi za Harlem, mtaa wa Wamarekani weusi. Karibu wapigaji wote walikuwa Wazungu kutoka nje ya mtaa, ingawa walimpata mwandishi mmoja mweusi, Michael Carter, ashirikiane nao. Walizitazama picha zao, wakakosoana juu ya mwanga, mpangilio na maana. Hata hivyo, miaka mingi baadaye, Siskind mwenyewe alikiri kwamba kazi yao iliupotosha mtaa ule na haikuonyesha maisha yake yote. Ufukara ulipigwa sana. Furaha, ufundi na kazi za watu wa pale zikapata nafasi ndogo. Wakosoaji walikuwa wengi, lakini wenye sura zilizopigwa hawakuketi nao mezani.

Basi yule kijana wa kiwandani, akiisha kutusikiliza sisi, na ampelekee picha bibi yake. Si ajabu bibi asiseme lolote juu ya ndoo wala mwanga. Ataishika karibu na macho, ataitazama kanga yake iliyopauka, na atauliza kwa nini hakungojwa avae ile mpya. Kijana atajibu kwamba hii ya zamani ndiyo avaayo kila siku, na kwamba ndivyo yeye ampendavyo. Hapo wawili hao watakuwa na la kujadiliana jioni nzima, na itafaa tuwaachie nafasi.