Mwacheni Mgonjwa Aseme Kwanza

Mtu akifika hospitali na homa, daktari humtuma maabara. Damu ikitazamwa kwenye darubini, malaria inaonekana au haionekani, na ubishi unaishia hapo. Anayefika na ugonjwa wa akili hana kipimo cha namna hiyo. Mathari ya Nairobi ilianza kupokea wagonjwa mwaka 1910, Mirembe ya Dodoma mwaka 1927, na mpaka leo si huko wala kwingine duniani ilikopatikana damu, mkojo au picha ya eksirei ya kusema huyu ana sonona na yule ana skizofrenia. Vipimo vya maabara hufanywa, tena ni lazima vifanywe, kwa sababu malaria iliyopanda kichwani, sukari iliyoshuka au maambukizi ya ubongo humfanya mtu aweweseke hadi watu wa nyumbani wakadhani amerukwa na akili. Magonjwa hayo yakishaonekana hayapo, kinachobaki ni mazungumzo. Yale mahojiano ya kwanza ndiyo kipimo chenyewe, na yakifanywa ovyo, matibabu yote yatakayofuata yanajengwa juu ya mchanga.

Kwamba kipimo hiki huweza kuharibikia mikononi mwa mpimaji, tunajua kwa ushahidi. Katika miaka ya 1960 watafiti walishangazwa na jambo moja: hospitali za New York zilikuwa na wagonjwa wengi mno walioandikiwa skizofrenia, ilhali za London ziliandikia wengi zaidi sonona na magonjwa mengine ya hisia. Je, watu wa miji hiyo miwili waliugua tofauti? Wagonjwa wapya wa pande zote wakahojiwa kwa utaratibu mmoja, na matokeo yakachapishwa mwaka 1972. Sehemu kubwa ya ile tofauti iliyeyuka. Wagonjwa walikuwa wakifanana. Madaktari ndio waliokuwa hawafanani. Maana yake ni kwamba jina la ugonjwa ambalo mtu atalibeba maisha yake yote, na vidonge atakavyomeza kwa miaka, vingeweza kutegemea amehojiwa na nani na vipi.

Huku kwetu, kwa maoni yangu, kinachoharibu kipimo hiki zaidi ni zamu ya kusema. Mgonjwa wa akili mara nyingi haji, huletwa. Huletwa na mama, na kaka, na mjumbe wa mtaa, wakati mwingine na polisi, mikono ikiwa imefungwa kamba. Mlango ukishafungwa, swali la "Ana tatizo gani?" huelekezwa kwa aliyemleta. Mwenyewe yupo palepale kwenye kiti cha pembeni, anasikiliza akisimuliwa: hali, halali, anaongea peke yake, juzi amevunja redio. Zamu yake inapofika, tayari amekuwa mshtakiwa, na lolote atakalosema litasikika kama kukiri au kukana. Wengine huamua kunyamaza, na ukimya huo ni rahisi kuandikwa kwenye faili kuwa ni dalili ya ugonjwa.

Tazama kinachopotea hapo kwa kuangalia neno moja tu, mawazo. Mtu akisema "Nina mawazo," huenda anazungumzia ada ya mtoto na deni la kikoba. Huenda anazungumzia usiku wa tatu asiolala, moyo ukimwenda mbio. Huenda anataka kusema anaona heri afe, ila hajapata ujasiri wa kulitaja. Na huenda mawazo yenyewe anayaona si yake, anaamini kuna mtu anayempandikizia kichwani. Hali hizo zinahitaji misaada tofauti kabisa, na zote zimevaa neno moja. Wenzetu wa Zimbabwe wana neno la Kishona linalokaribiana nalo, kufungisisa, ambalo mwaka 2013 liliingizwa kwenye mwongozo mkuu wa magonjwa ya akili wa Marekani. Daktari akiuliza taratibu, "Mawazo gani? Huja saa ngapi? Yakikujia unafanya nini?" ndipo mlango hufunguka. Ndugu hawezi kumjibia maswali hayo, hata awe na upendo kiasi gani. Yeye aliona redio ikivunjwa. Hakusikia kilichokuwa kikisemwa ndani ya redio ile.

Wahudumu wa afya watasema foleni ni ndefu na daktari ni mmoja. Ni kweli, na hali hiyo inaumiza pande zote. Lakini muda tunaouogopa ni mfupi kuliko tunavyodhani. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1984 uliofuatilia mazungumzo 74 kati ya madaktari na wagonjwa ulikuta kwamba daktari humkatiza mgonjwa baada ya wastani wa sekunde 18. Uswisi, mwaka 2002, madaktari waliwaacha wagonjwa 335 waseme mpaka wanyamaze wenyewe. Wastani ukawa sekunde 92, na karibu wanane kati ya kumi walimaliza ndani ya dakika mbili. Hao walikuwa wagonjwa wa kliniki ya kawaida. Tuseme mwenye ugonjwa wa akili anahitaji mara tano ya muda huo: bado hazifiki dakika nane.

Wengine watauliza, mtu asiyejua kwamba anaumwa atasema nini cha maana? Atasema kile hasa kinachopimwa. Anayeshikilia kwamba majirani wameficha kamera darini anamwonyesha daktari jinsi imani hiyo ilivyojengeka, ina nguvu kiasi gani, na kama amepanga kuwadhuru majirani hao. Wakati huohuo daktari anatazama: anaongea kwa kasi au kwa kujikokota, anaruka kutoka jambo hadi jambo, amevaaje, anajua leo ni siku gani? Ndugu ana kazi yake, tena kubwa. Yeye ndiye ajuaye hali ilianza lini, kama kuna kifafa, bangi au gongo, na dawa gani za mganga zimeshatumika. Ninachodai ni kwamba aseme wa pili. Isipokuwa mgonjwa akiwa na fujo ya hatari au hawezi kusema kabisa. Hapo usalama unatangulia na aliyemleta ndiye wa kusikilizwa.

Lipo pia swali ambalo wengi huliogopa: "Umewahi kufikiria kujiua?" Hofu ni kwamba swali litamfundisha asilolijua. Mwaka 2005 utafiti uliofanywa kwa wanafunzi 2,342 wa sekondari katika jimbo la New York ulionyesha kuwa walioulizwa hawakupata fadhaa wala mawazo ya kujiua zaidi kuliko wasioulizwa. Swali liulizwe, na liulizwe faraghani, maana ni wachache watakaolijibu mbele ya mama yao. Kenya, kujaribu kujiua kulihesabiwa kosa la jinai mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho cha sheria kinapingana na Katiba. Mtu aliyekua akijua kwamba jibu lake laweza kumpeleka polisi hatalitoa kirahisi kwenye chumba kilichojaa watu.

Basi wewe unayemsindikiza ndugu yako kliniki kwa mara ya kwanza, nenda na vidonge na mitishamba yote aliyotumia, na uandike kwenye karatasi tarehe uliyoona usingizi wake umebadilika. Daktari akimgeukia yeye kwanza, usimjibie. Na daktari akikuomba utoke nje kidogo, toka, ukae kwenye benchi, ungoje uitwe.