Rekodi za Mchungaji wa Ruthwell
Henry Duncan alianza uchungaji katika kijiji cha Ruthwell, kusini mwa Uskoti, mwaka 1799. Kabla ya hapo alikuwa karani wa benki huko Liverpool, na ukarani huo haukupotea bure.

Rekodi yake inayotajwa sana ni ya 1810: benki ya akiba ya kwanza duniani. Hapo pana ubishi, maana Hamburg walikuwa nayo tangu 1778. Sifa anayostahili ni ya benki ya akiba ya kwanza kujiendesha kibiashara bila kutegemea sadaka za matajiri. Benki za kawaida zilidai pauni 10 ndipo zikupokee. Yeye alipokea peni 6, fedha ambayo hata kibarua wa shambani angeweza kuibana.

Mimi ningempa taji kwa nyayo. Wapasua mawe wa Corncockle Muir walikuwa wakikuta alama za miguu ndani ya mawe ya mchanga. Duncan alizichunguza, akapeleka nakala kwa William Buckland, mwanajiolojia wa Oxford, na mwaka 1828 taarifa yake ikasomwa mbele ya Chama cha Kifalme cha Edinburgh. Ilikuwa ya kwanza ya kisayansi nchini Uingereza kuhusu nyayo zilizogeuka mawe. Buckland naye aliwatembeza kobe juu ya unga uliokandwa ili alinganishe alama. Kobe wakanasa, na wasomi wakubwa wa London wakakunja mikono ya mashati kuukanda upya, wametapakaa unga. Buckland akahitimisha kuwa nyayo ni za kobe. Leo wataalamu wanaona ni za jamaa wa kale wa mamalia, waliopita kwenye matuta ya jangwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Nyayo hizo zilipewa jina la Chelichnus duncani.

Ruthwell kuna pia msalaba wa mawe wa karne ya 8, mrefu kupita mita 5, wenye baadhi ya mistari ya kale kabisa ya ushairi wa Kiingereza. Ulivunjwa 1642 kwa amri ya Mkutano Mkuu wa Kanisa la Uskoti, eti ni sanamu ya kuabudiwa. Duncan aliokota vipande, akausimamisha bustanini kwake 1823. Mwaka 1839 akawa Moderata, yaani mwenyekiti, wa Mkutano Mkuu huohuo! Kanisa lilipogawanyika 1843 alijitoa, akaacha nyumba, mshahara na bustani yenye msalaba. Mwaka 1887 uliingizwa kanisani, na kwa urefu wake ikabidi usimamishwe ndani ya shimo sakafuni.